Mtoto anaweweseka usiku, mikono inatetemeka: ni dawa za pumu au ni kitu kingine?

"Habari dokta. Nina mtoto wa miaka saba, ana pumu toka akiwa na miaka mitatu. Mwezi uliopita kifua kilimbana sana tukalazwa siku mbili, tulipotoka tukapewa pampu mbili, ya bluu na ya kahawia, na kidonge cha kutafuna cha kila usiku. Ile ya kahawia sijampa maana nimeambiwa ni steroidi inadumaza mtoto, na mama mkwe anasema mtu akishazoea pampu haachi tena mpaka kaburini. Kwa hiyo nampa kidonge cha usiku, na kifua kikibana nampa dawa ya maji ya salbutamoli. Shida akinywa hiyo dawa ya maji mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio, halali. Halafu wiki tatu hizi ameanza kuweweseka, anaamka anapiga kelele kuna mtu dirishani, na mwalimu anasema amekuwa mkorofi, kampiga mwenzake, mtoto ambaye hajawahi. Nyumbani wanasema apelekwe kwa shehe akasomewe. Mama mkwe naye ana pumu, presha na sukari, anatumia vidonge vya salbutamoli na aminofilini miaka mingi na anasema havijawahi kumdhuru, ingawa sukari yake inapanda bila mpango. Na mimi ni mjamzito wa miezi mitano, nilikuwa na pumu enzi za shule, sasa imeanza kurudi na nimeacha kila kitu nisije nikamdhuru aliye tumboni. Naomba unisaidie, hizi dawa zina madhara gani hasa na kwa nani?"

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni mfamasia, mtaani wote tunaitwa dokta sawa, ila nikisema hapa kwenye jambo fulani anahitajika daktari naomba uchukue hivyo hivyo. Umeuliza mambo ya watu watatu, na dawa karibu ni zilezile, ila zinavyomwingia kila mmoja ni tofauti kabisa. Nianze na kinachonikosesha raha zaidi, ambacho wala siyo pampu. Ni kile kidonge cha kutafuna.

Kachukue boksi lake usome jina dogo lililo chini ya lile kubwa la kampuni. Ukikuta ni montelukasti, na kwa ulivyoeleza nahisi ndiyo yenyewe maana ile ya kutafuna ya miligramu 5 ndo wanayopewa watoto wa miaka 6 hadi 14, basi huyo mtu wa dirishani nadhani tumeshampata. Dawa hii inazuia kemikali zinazoitwa lukotrini, ambazo mwili wa mwenye pumu unazimwaga kwa wingi na zikishamwagika njia za hewa zinavimba na kujaa makohozi. Kwa kifua inafanya kazi nzuri. Tatizo ni kwamba ikishaingia kwenye damu inafika hadi kwenye ubongo, na kuna watu inawavuruga huko: ndoto mbaya, kuweweseka, kukosa usingizi, hasira za ghafla, mtoto mpole anageuka mkorofi, na kwa wachache huzuni nzito mpaka mawazo ya kujidhuru. Inatokea kwa watoto na kwa watu wazima, na haihitaji mtu awe na historia yoyote ya matatizo ya akili. Dawa iliruhusiwa Marekani 1998, taarifa za namna hii zikawa zinaingia mwaka hadi mwaka, mpaka Machi 2020 mamlaka yao ya dawa, FDA, ikaagiza iwekewe onyo la kisanduku, ambalo ndo onyo kali kuliko yote dawa inayoweza kuwekewa ikabaki sokoni. Hilo onyo liko kwenye ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi, ambayo najua hakuna anayeisoma na kwa maandishi yale madogo siwalaumu, wa kulaumiwa ni sisi tunaokabidhi boksi bila kufungua mdomo.

Sasa usitoke hapa ukaenda kumtisha jirani ambaye mwanae anatumia kidonge hichohicho na analala fofofo. Wengi kinawakubali. Ila kwa mwanao dalili zimeanza baada ya dawa kuanza, usingizi na tabia vimebadilika kwa pamoja, hapo hatuna cha kusubiri. Leo usiku usimpe, kesho mpeleke kwa daktari aliyemwandikia umweleze kama ulivyonieleza mimi. Kukiacha ghafla chenyewe hakumdhuru, shida ni kwamba kilikuwa ndo kinga pekee aliyonayo maana pampu ya kahawia hujamgusisha, kwa hiyo siku unayoacha kidonge ndo siku hiyohiyo unaanza ile pampu kwa dozi iliyoandikwa. Kuweweseka kwa kawaida kunapungua ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Kusipopungua, au ukimsikia anasema anataka kufa au kujiumiza, usimwambie aache ujinga, mpeleke hospitali siku hiyo. Kumsomea dua hakuna ubaya, msomeeni, ila kidonge kisimame kwanza. Na mwambie daktari au mfamasia wa hapo ajaze fomu ya madhara ya dawa ipelekwe TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania (walioko Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu), maana hivyo vitu visipoandikwa vinaishia kuwa stori za ukumbini.

Tuje kwenye mikono kutetemeka. Salbutamoli inafanya kazi kwa kubonyeza kitu ninachopenda kukiita swichi, kiko kwenye misuli inayozunguka njia za hewa, ikibonyezwa misuli inalegea na hewa inapita. Swichi hizohizo ziko pia kwenye misuli ya mikono, kwenye moyo na kwenye ini. Zikibonyezwa mikononi ndo huo mtetemeko, moyoni mapigo yanakimbia, kwenye ini sukari iliyokuwa imehifadhiwa inaachiwa iingie kwenye damu, na mtoto anakuwa kama kanywa chai ya rangi vikombe vitano. Siyo mzio na wala haimaanishi moyo umeharibika, ni dozi tu imekuwa kubwa na imepita njia ndefu.

Piga hesabu na mimi. Mpulizo mmoja wa pampu ya bluu, ambayo nayo ni salbutamoli, una mikrogramu 100. Kijiko kimoja cha dawa ya maji, mililita 5, kina miligramu 2, yaani mikrogramu 2,000. Kijiko kimoja ni mipulizo ishirini! Na kidonge cha miligramu 4 kama anachomeza mama mkwe ni mipulizo arobaini. Tena hiyo ya kumeza haiendi kifuani moja kwa moja, inapita tumboni, inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima ndo iyakute mapafu, inachukua kama nusu saa kuanza kusaidia wakati pampu ndani ya dakika tano unaona tofauti. Samahani kwa lugha, ila wahenga walisema kuruka mkojo na kukanyaga mavi. Mmeikimbia pampu kwa kuogopa madhara mkaenda kwenye dawa ileile, dozi mara ishirini, kwa njia inayochelewa. Miongozo ya pumu siku hizi haishauri tena salbutamoli ya kumeza kama kuna ya kuvuta, na kwa mtoto mwenye pampu nyumbani sioni sababu ya hiyo chupa kuwepo kabatini.

Hii ya kuzoea pampu naisikia kwenye dirisha la dawa karibu kila siku, na nadhani najua ilikotoka. Mgonjwa wetu anaanza na tangawizi na asali, anaenda kwenye vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, anazunguka miaka, pampu anakuja kupewa akiwa hoi. Akifariki mkononi wanamkuta nayo, basi pampu ndo imemuua. Hakuna uteja kwenye pampu. Pumu ndo ugonjwa wa muda mrefu, na anayevaa miwani kila siku hatusemi kazoea miwani.

Ila nisikudanganye kwamba hofu yote imetoka hewani. New Zealand mwaka 1976 waliingiza pampu ya fenoteroli, ndugu yake salbutamoli lakini yenye nguvu zaidi kwa mpulizo, na vifo vya pumu vikapanda vibaya hasa kwa vijana. Mwaka 1989 watafiti wa hukohuko wakaonesha uhusiano, dawa ikawekewa vikwazo na vifo vikashuka. Pampu za kufungua kifua, zote za familia hiyo, zina ubaya mmoja, zinakupa nafuu nzuri ya haraka huku uvimbe ndani ya njia za hewa unaendelea kimyakimya, na mtu anaongeza mipulizo, na anaongeza, mpaka siku haifungui tena. Ndo maana 2019 GINA, wale wanaotoa mwongozo wa pumu wa dunia, walisema watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 wasitibiwe kwa pampu ya kufungua peke yake. Mtu akimaliza kopo tatu za mipulizo 200 kwa mwaka, hatari ya kuzidiwa inapanda, akifika kumi na mbili hatari ya kufa ndo inapanda. Kwa hiyo mama mkwe yuko sahihi kidogo, ila kanyoosha kidole kwenye pampu isiyohusika. Inayotibu uvimbe wenyewe ni ya kahawia, ile ya steroidi mnayoiogopa. Rangi nazo zinatofautiana kwa kampuni, soma jina: beklometasoni, budesonidi, flutikasoni, hizo ni za kinga.

Kuhusu kudumaa, kuna ukweli na ninaomba niutaje kwa sentimita. Marekani na Canada waliwafuatilia watoto waliotumia budesonidi ya kuvuta kila siku kwa miaka minne hadi sita, wakawasubiri mpaka wakawa watu wazima, majibu yakatoka 2012: waliotumia steroidi walikuwa wafupi kuliko wenzao kwa wastani wa sentimita 1.2. Ndo kudumaa kwenyewe huko, urefu wa ukucha. Weka upande wa pili mtoto ambaye halali kwa kukohoa, anakosa shule, na kila akibanwa anapewa prednisoloni ya vidonge, ambayo ni steroidi hiyohiyo ila imemwagwa mwili mzima, hiyo ikirudiwarudiwa ndo inagusa kweli urefu na mifupa. Steroidi kidogo ya pampu inayoingia kifuani kila siku ina madhara ya jirani na hapo: sauti kukwaruza na utando mweupe mdomoni, ambao ni fangasi, na dawa yake ni kusukutua na kutema maji kila baada ya kuvuta. Mi huwa nawaambia wazazi pampu ikae karibu na mswaki, avute ndo apige mswaki, hakuna atakayesahau.

Kuna kundi moja nisiliache hata kama halipo kwenye swali lako. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri, mara nyingi ni wale wa mstari wa pili, waliobadilishiwa baada ya dawa za kwanza kushindwa, asianzishiwe flutikasoni au budesonidi bila daktari kujua, kwa sababu ritonaviri inazuia ini kuivunja steroidi, inajikusanya, na mtu anavimba uso na kupanda sukari kwa pampu tu. Beklometasoni ndo salama zaidi kwake. Wanaotumia TLD, kile kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, hawana shida hiyo.

Sasa namna ya kuvuta, maana nusu ya madhara na nusu ya "haifanyi kazi" iko hapa. Kuna mama nilimwomba anioneshe anavyotumia, akapuliza mdomoni kama anapuliza pafyumu, akafumba, ukungu mweupe wote ukamtokea puani, na hapo katumia mwaka mzima. Mtoto wa miaka saba hawezi kupatanisha kubonyeza na kuvuta, anahitaji spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama dukani ni ghali chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, toboa kitako chake kwa waya uliopashwa moto tundu la umbo la mdomo wa pampu, ingiza pampu ibane, ziba pembeni kwa gundi isivuje. Usinione natania, Heather Zar na wenzake huko Cape Town walichapisha utafiti wao 1999, chupa hiyo iliyozibwa vizuri ikawafungua kifua watoto waliobanwa sawa na spesa ya dukani. Tikisa pampu, mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake, bonyeza mara moja, apumue taratibu mara tano au sita ndani ya chupa, tikisa tena ndo mpulizo wa pili. Osha kwa maji ya sabuni mara moja kwa wiki uache ijikaushe yenyewe, ukiifuta kwa kitambaa plastiki inakuwa na umeme na dawa inaganda ukutani badala ya kwenda kifuani.

Kwa mama mkwe sitaki umvamie, maana mtu aliyemeza dawa miaka mingi ukimwambia ghafla zinamdhuru anazimeza kwa hasira zaidi. Ila mwombe akubebee mfuko mzima wa dawa zake, na namaanisha zote, hata matone ya macho, mkamwone daktari. Salbutamoli ya vidonge inapandisha sukari, na kama huwa anaongezewa prednisoloni kila akibanwa, hapo sukari kupanda bila mpango ina mpango kabisa. Aminofilini ndo inayonitia wasiwasi zaidi, ile dawa kati ya dozi inayosaidia na dozi inayodhuru pana nafasi ndogo sana, na kwa mtu wa umri mkubwa ini linaiondoa polepole. Akiandikiwa antibiotiki kama siprofloksasini ya mkojo au erithromaisini ya kifua huku anaendelea nayo, kiwango kinapanda kwenye damu bila yeye kuongeza hata kidonge, inaanza kichefuchefu na kutapika, moyo unaruka mapigo, mwisho degedege. Akianza kutapika akiwa anatumia aminofilini pamoja na mojawapo ya hizo mtu asimwambie ni malaria. Halafu aminofilini, salbutamoli, steroidi na dawa ya presha ya kukojoa, zote nne zinashusha potasiamu, madini ya kwenye damu, na potasiamu ikishuka ndo moyo unapoteza mwendo.

Angalia pia dawa zake za presha. Propranololi, na kwa kiasi fulani atenololi, zinafunga zilezile swichi ambazo salbutamoli inajaribu kuzibonyeza, na kuna matone ya presha ya macho yanaitwa timololi yanafanya hivyohivyo, tone dogo la jichoni linabana kifua. Nazo kaptoprili na lisinoprili zinaleta kikohozi kikavu ambacho mtu anakitibu kama pumu miezi na miezi. Asiache hata moja mwenyewe, propranololi na atenololi zikikatwa ghafla moyo unaleta fujo. Daktari abadilishe. Na kama amekuwa akipewa prednisoloni zaidi ya wiki tatu mfululizo hiyo nayo haikatwi ghafla, inashushwa taratibu. Huku mtaani mtu akivimba mashavu kwa prednisoloni tunamwambia kapendeza kanenepa, kumbe ni dawa.

Na wewe. Hapa nitakuwa mkali kidogo dada yangu: kuacha dawa ndo jambo la hatari ulilofanya. Aliye tumboni anapumua kwa mapafu yako, ukibanwa wewe anabanwa yeye, na pumu isiyotulizwa inahusiana na kujifungua kabla ya wakati, mtoto mwenye uzito mdogo na presha ya ujauzito. Salbutamoli ya kuvuta na budesonidi ya kuvuta zimetumiwa na wajawazito miaka mingi na zinahesabiwa salama. Hata prednisoloni ikihitajika siku chache wewe ukiwa umezidiwa, kondo la nyuma linaipunguza makali sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto, kwa hiyo daktari akikuandikia usiikatae. Wajawazito wenye pumu karibu theluthi moja inawazidi, theluthi inapungua, waliobaki hawaoni tofauti, na wewe ukishasema imeanza kurudi usisubiri kujua uko kundi gani. Kwenye kliniki ya wajawazito mwezi huu sema una pumu hata kama hujaulizwa, na usinywe asipirini, ibuprofeni wala diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, kuna wenye pumu zinawabana na kwenye ujauzito zina matatizo yake mengine.

Yeyote kati yenu watatu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kupumua, au mbavu zinaingia ndani, midomo inakuwa ya bluu au ya kijivu, anasinzia, au pampu ya bluu imesaidia ila hayajapita masaa manne anaitaka tena, hapo siyo suala la kuniandikia. Mtoto mpe mipulizo minne kupitia chupa, mmoja mmoja, rudia kila baada ya dakika ishirini huku mko njiani kwenda hospitali. Akitetemeka mikono kwa hiyo mipulizo muache atetemeke, usisite kwa sababu ya hilo. Na ukiona kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kimenyamaza huku mtoto bado anahangaika, usifurahi, hewa imekoma kupita, ongeza mwendo.

Ukienda kwa daktari kesho beba boksi la kidonge hata kama limebaki tupu, na pampu zote mbili. Akiuliza dawa gani ukamjibu cha pinki cha kutafuna, mtakuwa mmerudi mwanzo.